Ngoma ya Baba Chini ya Kiti

Gisenyi, Jumapili alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpokelee Baba, maana najua Kaka Justus anakusomea barua hii huku Baba amegeukia ukutani na kujifanya hasikilizi. Nyonga yake inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoiacha kabatini, anapakwa au anaificha? Migomba imeinuka baada ya ule upepo? Na kifua chako, Mama, usinifiche. Mimi ni mzima. Nimenenepa, gauni la kuagwa halifungi tena mgongoni. Tena nina furaha, Mama, naandika huku nacheka peke yangu, na Deo kila akipita dirishani ananiuliza ni nani ninayemwandikia maneno matamu namna hiyo.

Niruhusu nimsifu mume wangu kidogo. Akitoka kwenye kazi yake ya umeme wa magari, husugua mikono kwa sabuni ya unga hadi viwikoni kabla hajanishika. Kucha zinabaki nyeusi, na mimi nazipenda hivyo hivyo. Kila jioni amekuwa akikaa karibu yangu na kunisimulia ziwa: leo lilikuwa na rangi gani, mitumbwi mingapi imetoka Rubona, mawimbi yamefika kwenye jiwe gani. Alikuwa ananisimulia kwa sababu mimi nilikuwa sijaliona.

Najua unashangaa. Mtu anakaa Gisenyi, ziwa liko mwisho wa barabara, naye hajaliona? Ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Huku bibi harusi akishaletwa, hukaa ndani. Hapiki, hafagii, hachoti maji, hatoki barabarani, mpaka watu wa kwao waje na ngoma na vyakula kumtoa. Wanaita gutwikurura, yaani kumfunua. Siku hizi wengi huyamaliza yote wiki ile ile ya harusi. Lakini mama mkwe wangu si wengi. Alizaa na kulea watoto wake wote Karagwe, ukimbizini, na walipovuka kurudi baada ya vita hakuja na kitanda wala ng'ombe. Alikuja na desturi zake, na hakuna hata moja iliyoanguka njiani.

Usidhani ananitesa. Ananishika kama yai. Uji wangu ananikorogea mwenyewe, maziwa mengi kuliko unga. Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wangu, Mama, wewe uliyenifundisha kuamka kabla ya jogoo. Mwanamke wa umri wake ameinama anafagia uani, na mimi nimekaa ndani na mtandio kichwani kama sanamu ya kanisani. Nilikuwa mke wa Deo, lakini katika nyumba ile nilikuwa mgeni.

Ilipokuja habari yenu kwamba nyonga ya Baba imekataa safari, na kwamba baba wadogo wanaogopa njia, nililia kwenye mto. Sikuwakasirikia. Kilichoniumiza zaidi ni maneno aliyoyaandika Kaka, kwamba Baba hazungumzi, anasema amemtoa binti yake nusu. Deo akajaribu kutafuta njia. Akamwomba mama yake tuwachukue majirani wawili watatu wasimame badala yenu. Mama mkwe hakuinua hata uso.

"Ukoo haukodishwi, Deo," alisema.

Basi siku ile dereva wa lori aliponiletea kaseti ambayo Kaka aliirekodi siku ya kuniaga, nilidhani ni majibu ya sala. Tukaiweka kwenye redio ya Deo, tukamwita mama mkwe. Sauti ya Shangazi ilitoka, vigelegele vikatoka, lakini ngoma ya Baba, Mama, ilisikika kama kuku anayedonoa kopo. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, akanishika bega. Akasema wana sauti nzuri watu wetu, lakini wako redioni, hawajafika. Nikaivingirisha kaseti kwenye leso na kuiweka chini ya mto.

Sasa nikueleze kuhusu Papa Solange. Huyu ni mfanyabiashara wa Rubona anayepeleka bia kwenye baa za ufukweni, na Solange ni binti yake wa kwanza. Ana pikapu ya milango minne, na anapenda muziki kuliko chakula. Spika zake za kwanza zilikaa wazi nyuma ya kiti, wezi wakazing'oa alipokuwa anakunywa chai karibu na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa kwenda Goma. Akaja kwa Deo amenunua nyingine, zile kubwa za kutoa sauti nzito wanazoziita sabufa.

"Fundi, mi sitaki mutu aone kitu," akamwambia. "Nataka asikie tu."

Deo hufanyia kazi uani kwetu, kwa hiyo nilitazama yote kutoka dirishani, na laiti ungemwona mkwe wako! Alikifungua kiti cha nyuma chote akakitoa nje, akalala kifudifudi ndani ya gari akipima kwa kijiti. Sabufa inataka sanduku la kupumulia, na chini ya kile kiti hapakuwa na nafasi hata ya kuku kuatamia. Akakata mbao nyembamba, akatengeneza sanduku la bapa, akaziba kila pembe kwa gundi mpaka hewa isipite, akaweka spika zikitazama chini na miguu mifupi ili sauti ipate pa kutokea. Waya mnene kutoka kwenye betri aliupitisha ndani ya mpira ili bati lisiuchune. Mimi nilipewa kitambaa cheusi, kwa kuwa kushona ni kazi ya kukaa, mama mkwe hakuikataza. Nikashona pazia fupi la kuzunguka chini ya kiti, jepesi, la kuficha sanduku bila kuizuia sauti. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza katika ndoa, Mama: nimekivalisha sketi kiti cha gari.

Walipowasha, kitu kikawa kinatetema na kulia kama nyuki kwenye chupa. Deo alikaza kila skrubu, wapi. Kumbe ni jeki ya gari iliyolala pembeni. Nikatoa kitenge changu kikuukuu kupitia dirishani, akaifunga, kimya. Papa Solange akamwambia Deo mimi niko fundi kumuzidi, na Deo akacheka mpaka akakaa chini.

Jana mchana wakataka kuijaribu barabarani, kwenye mashimo, waone kama kuna kingine kitakacholegea. Kaseti za Papa Solange zote ni za magitaa. Deo akaja dirishani akaniomba yangu, kwa kuwa ina ngoma. Nikampa bila kufikiri kitu. Wakaondoka kuelekea Grande Barrière, kile kivuko kikubwa.

Baadaye kidogo mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua maharage. Vikombe vya kabatini ndivyo vilivyoanza, vikagongana taratibu. Kisha mimi nikaisikia miguuni kabla ya kuisikia masikioni. Unajua Baba anavyolichelewesha pigo la tatu, kama amelisahau, kisha analirudia kwa nguvu? Lilikuwa hilo.

Mama mkwe akaacha maharage yamwagike. "Wamekuja," akasema. "Wakwe wamekuja na hatujapika!" Sijawahi kumwona akikimbia. Akajifunga mushanana wake, lile vazi la sherehe la begani, akamwita jirani alete mikeka, akachukua chombo chake cha mti kilichojaa maziwa akatoka nacho hadi langoni. Majirani nao walikuwa wamesikia, wakatoka na vigelegele. Mimi nilishika pazia la dirisha, nikaanza kuamini. Nikasema moyoni, pengine wamekuja kweli, pengine nyonga imepona.

Pikapu ikasimama langoni. Akashuka Deo, akashangaa kumwona mama yake amevaa. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na kutoka kwenye kiti hicho kitupu Shangazi alikuwa anasema kwa sauti yake ya kanisani, "Huyu ni mtoto wetu, mpokeeni!" na ngoma ya Baba ikimwitikia.

Jirani mmoja akaanza kucheka. Mwingine akafuata. Mama mkwe amesimama na maziwa mikononi, uso umeanguka, na mimi nyuma ya pazia namtazama. Nilijua nimemwaibisha mtu mzima mbele ya mtaa wake, na kwamba baada ya hapo sitafunuliwa kamwe.

Papa Solange akavua kofia. "Mama," akamwambia kwa upole, "bageni iko chini ya kiti."

Mama mkwe hakucheka. Alimpa jirani maziwa amshikie, akaingia nusu mwili garini, akakiwekea kiti kiganja. Akamuuliza Deo ni nani anayepiga, Deo akamjibu ni baba yangu. Akauliza kama ndiye huyo mwenye nyonga. Ndiye. Hakuondoa mkono mpaka ngoma ilipokwisha, na kufikia hapo waliokuwa wanacheka walikuwa wamesogea kusikiliza.

Akajinyoosha. "Mguu wake umeshindwa," alisema. "Mkono wake umefika."

Kisha akasema, kama anayewakumbusha watu jambo wanalolijua, kwamba maziwa yakishatolewa kwa ajili ya wageni hayarudi ndani. Akayachukua, akaja moja kwa moja hadi mlangoni pangu, akaniondolea mtandio mbele ya wote. "Kunywa, mwanangu. Kunywa na sehemu ya baba yako."

Nilikunywa yote, Mama, na machozi yakiwa ndani.

Jioni Deo alinishika mkono akanipeleka ziwani kwa miguu. Alikuwa amenidanganya: ni zuri kuliko alivyosimulia. Sikujua nimshukuru nani kwanza, Mungu, au yeye, au yule Papa Solange, ambaye sasa ameomba nakala ya kaseti na leo asubuhi amevuka nayo kwenda Goma. Mwambie Baba ngoma yake imepita mpaka ambao hata mimi sijaupita. Mwambie pia asiseme tena kwamba amenitoa nusu.

Nisalimie Shangazi aliyepaza sauti, baba wadogo wasione aibu kwa kuogopa njia, na bibi jirani aliyenisuka siku ya kuagwa. Kaka nampa shukrani kubwa kuliko zote, kwani bila kaseti yake ningekuwa bado nimeketi. Mama mkwe anakusalimu kwa jina la mama mwenzake, na Deo anawapigia nyote magoti.

Naishia hapa. Leo asubuhi mama mkwe aliniletea ufagio kitandani, akaniambia yeye amechoka. Uani majani yamejaa tena, na ni ya kwangu.

Binti yenu mzima,
Adelina