Jina Lako Kwenye Kompyuta ya Manda

Mwanahawa,

Sijui nianze na salamu gani. Zote nilizofundishwa shuleni zinauliza hali ya mtu, na hali yako naijua. Basi nianze na mimi. Nipo Makambako, nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni, karibu na stendi. Ni saa nne asubuhi, upepo wa hapa unaujua, karatasi nimeikandamizia kiwiko. Nimetoka kwenu sasa hivi. Ndiyo, nimeenda. Imenichukua miezi saba.

Siku uliyofariki nilikuwa Kichiwa, tunachimba viazi na mama. Tulikuwa tumetoka chuo Dar kwa likizo, wewe ukashuka hapa Makambako ukishika kichwa. Uliniambia dirishani, "Ni uchovu wa basi tu, Upendo. Jumatatu nakuja kwenu, mama achemshe viazi." Jumatatu hukuja. Jumatano kondakta wa basi akaacha habari dukani barabarani, mwenye duka akamtuma mtu shambani. Nilikuja na sweta lenye matope. Nilipofika kwenu wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Malaria, walisema, ilipanda kichwani. Walikuzika saa saba, mimi nikafika saa tisa.

Sisi kwetu maiti hulala. Watu huimba, wa mbali hufika. Nilijua kwamba nyinyi hamngoji, miaka yote minne ya sekondari nilijua, lakini nilisimama pale uani nauliza kama mjinga, "Yuko wapi?" Mama yako alikuwa ndani na wanawake wenzake. Sikuingia. Niliona aibu, sijui aibu ya nini. Nilirudi stendi nikapanda basi la Njombe.

Chuoni kitanda chako alipewa msichana wa Mtwara wa kozi nyingine. Baada ya wiki mbili alihama, anasema nilikuwa simsemeshi. Labda ni kweli. Darasani tulikuwa kumi na wanne, na wasichana ni mimi na wewe. Sasa nilikuwa mimi. Mazoezi yote ya watu wawili wawili nilibaki nimesimama mpaka mwalimu anitafutie mtu. Kupekua mizigo, mimi na Gaudensi. Kufunga kamba za uokoaji, mimi na Gaudensi. Ni mtu mzuri, lakini hacheki na mimi kama wewe, na ananiita "Dada Upendo" kana kwamba nina miaka hamsini.

Unakumbuka walivyotucheka tulipopata nafasi ya kusomea ulinzi wa bandari na vyombo vya majini? Baba yangu mdogo alisema watoto wa nyanda za baridi wanaenda kulinda bahari gani, labda ile ya ukungu. Na baba yako, na lori lake jipya ambalo halikuwa limekwisha hata harufu ya rangi, akamjibu, "Siku hizi kila kitu kimefunguliwa, bwana. Mizigo inaingia kutoka kila nchi. Wasipoikagua wao ataikagua nani?" Wewe ulikuwa nyuma yake unanikonyeza.

Sasa nikuambie ya Manda. Hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mafunzo ya vitendo hayakufanyika Dar kama tulivyotegemea. Walitugawa, na sisi wanane tukapelekwa Ziwa Nyasa. Nilifurahi kwa sababu ni mkoani kwetu, nikasikitika kwa sababu hiyo hiyo, maana ungekuwepo ungeimba njia nzima kuanzia Ludewa mpaka chini kule kwenye joto. Tulipewa boti moja ya abiria, na chumba kimoja kando ya ufuko chenye jenereta na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Kazi yetu ilikuwa kuilinda boti. Wengine wanakaa njia ya kupandia, wanapekua vikapu na masanduku. Wengine wanatunza orodha ya abiria kwenye kompyuta. Asiyekuwemo kwenye orodha hapandi. Mwalimu Komba, ambaye hakuwahi kutufundisha Dar, alisema kati yetu amemchagua mmoja awe mhalifu kwa siri, na mhalifu huyo anaweza kuingilia njiani au kuingilia kwenye kompyuta.

Mimi nilipewa majina ya watumiaji. Kompyuta zilikuja na majina yote ya darasa letu kutoka chuoni. Nilitakiwa kuyapitia na kumfuta kila ambaye hayupo Manda, ili sisi wanane tu ndio tuweze kuingia. Niliwafuta watano haraka haraka. Halafu nikafika kwako.

Jina lako kamili, Mwanahawa, na la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Mahali pengine popote lilikuwa limeshatolewa. Kwenye daftari la mahudhurio walilipiga mstari, bwenini walilibandua mlangoni. Nililitazama nikaliruka. Nikafunga nikamwambia mwalimu, "Tayari." Na kila asubuhi, siku nne mfululizo, nilikuwa wa kwanza kuingia chumba kile, nafungua orodha, nalisoma, nafunga. Sikuwa nafanya kingine chochote.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa zoezi lenyewe. Wavuvi na akina mama wa pale walikubali kuwa abiria wetu, wakapanga mstari na mafurushi yao, wanacheka. Nilikaa kwenye kompyuta naita majina, wenzangu wanapekua. Kila mtu alikuwemo. Boti ikajaa. Ndipo Mwalimu Komba akapuliza filimbi, akapanda mwenyewe, akatoa boksi chini ya benchi la mwisho. Lilikuwa limeandikwa BOMU kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Boti imelipuka. Mmekufa wote, na hawa mama zenu mmewaua."

Wenzangu walicheka. Akina mama nao wakacheka. Mwalimu hakucheka. Mwenye boksi alikuwa mzee mmoja mvuvi aliyepanda kwa jina ambalo sisi hatukuliandika. Jina hilo liliingizwa kwenye orodha saa mbili asubuhi, na alama kwamba mwenyewe ameshapekuliwa, na kompyuta ilionyesha nani kaliingiza. Uliliingiza wewe.

Mhalifu alikuwa Gaudensi. Neno lako la siri alilijua tangu Dar. Ulikuwa huwezi kubonyeza herufi bila kuitamka, ulikuwa unaandika jina la lori la baba yako huku unalisoma kwa sauti, darasa zima linasikia. Mara ngapi nilikukanya? Unasema, "Nani atakuja kuiba maksi zangu, zenyewe hizi?"

Mwalimu akauliza, "Orodha ya watumiaji alikuwa nayo nani?"

"Mimi, mwalimu."

"Huyu Mwanahawa ni nani? Mbona simwoni hapa?"

Gaudensi alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye aliniambia hakujua jina lako lingekubali, alijaribu tu, na lilipokubali alitaka kuacha. Pale alininong'oneza, "Sema umesahau." Na ningeweza. Kusahau kunapunguza maksi kidogo. Kuacha kwa makusudi unafukuzwa kwenye mafunzo, tuliambiwa tangu siku ya kwanza. Nilifikiria mama na viazi vyake. Nilifikiria kurudi Kichiwa, na baba mdogo.

Nikasema, "Amefariki, mwalimu. Sikusahau. Niliona jina lake nikaliacha."

Mama mmoja wa pale, aliyekuwa bado amekaa kwenye boti na kikapu cha dagaa mapajani, alisema "Pole, mwanangu," na hapo nikashindwa. Nililia mbele ya watu wote, Mwanahawa, kilio ambacho sikukilia uani kwenu.

Mwalimu aliningoja. Kisha akasema, "Pole sana. Lakini mwakani utalinda boti yenye watu hawa hawa, na boksi halitakuwa la kuandikwa kwa kalamu." Hakunifukuza. Alinikata maksi nyingi, akaniagiza niandike taarifa ya kosa langu na kuisoma mbele ya wenzangu, na nikalifute jina mwenyewe, peke yangu. Zoezi lingerudiwa kesho yake.

Niliingia nikakaa. Jenereta ilikuwa inaunguruma nje. Nilibonyeza, kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nilikaa pale nikakuambia mambo ambayo sitayaandika hapa, halafu nikabonyeza. Jina likaondoka, yaliyokuwa chini yako yakapanda juu, kama foleni mtu akitoka.

Kesho yake Gaudensi hakupata pa kuingilia. Alijaribu njiani, boksi akalificha ndani ya gunia la mihogo, tukalikamata. Nimefaulu, kwa maksi za chini. Nimepangiwa kazi Manda, naanza Jumatatu.

Ndiyo maana leo nimepita kwenu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno marefu. Mama yako alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Upendo, mbona ulituacha peke yetu?" Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa chai. Kumbe naye alikuwa ananisubiri, alikuwa hana wa kuzungumza naye habari zako za Dar. Baba yako yuko safarini, na wageni wakija wanaongelea mapenzi ya Mungu, basi. Yeye alitaka kujua ulikuwa unakula nini. Kama ulikuwa unalala vizuri. Kama ulipata kumsema yeye, hata kwa kulalamika. Nimemweleza vyote. Amecheka mara mbili. Halafu akamtuma mdogo wako anipeleke kwako, akasema wanawake hawaendi siku ya maziko lakini leo ni leo, nenda.

Nimesimama pale dakika chache tu. Udongo umeshashikana na majani yameanza kuota. Sikuweza kusema kitu kwa sababu mdogo wako alikuwa pembeni. Ndiyo maana naandika.

Bado sina mtu wa kucheka naye, nisikudanganye. Manda nitakuwa mwanamke peke yangu kwenye lindo, na nikipata jambo la kuchekesha nitageuka kukutafuta, kama ninavyofanya kila siku. Sitegemei hilo liishe. Ila nakuahidi hili: kila nitakapopita Makambako, nikipanda au nikishuka, nitaanza kwenu. Nitakaa na mama yako mpaka anichoke. Akiuliza jambo ambalo nimeshamwambia, nitamwambia tena.

Basi langu la Njombe linajaza. Pumzika, ndugu yangu. Samahani nilichelewa.

Upendo