Pedali Zangu Hazikuwa na Mafuta

Kinyangiri,
Mkalama, Singida.
18 Agosti 2024

Mpendwa shemeji Elisha,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Windhoek haikusumbui na kazi yako ya kutengeneza ndege inakwenda vizuri. Mama yenu hajambo, kifua kimetulia, na jana alikula ugali wa mtama akamaliza. Mimi bega bado linauma, ila mkono ninaoandikia ni mzima.

Nimekuheshimu tangu siku niliyoolewa na mdogo wako, na nitaendelea kukuheshimu. Lakini leo nina hasira nawe na sitaificha.

Ile ndege ndogo tumeijenga wawili, mimi na mume wangu. Simeoni alichomelea vyuma, mimi nikashona kitambaa cha mabawa yote mawili. Ina viti viwili, na kila kiti kina pedali zake za breki. Tulipofika kwenye kufunga mipira ya mafuta ya breki, nilisema upande wangu nao uwe na mipira yake na kikopo chake cha mafuta. Simeoni akakupigia. Ukamjibu kwamba huo ni uzito wa bure, na kwamba mwanamke akiogopa atakanyaga hovyo aipindue ndege. Nilikusikia, simu ilikuwa kwenye spika. Basi pedali zangu zikabaki vyuma vitupu.

Siku ya kuijaribu tulikuwa tunaikimbiza chini tu, kule mbugani. Mara jirani yetu Alute akatokea mbele yetu anavusha ng'ombe. Simeoni akakanyaga breki. Mpira ukachomoka kwenye kiungo chini ya miguu yake, mafuta mekundu yakamrukia suruali, pedali zikazama mpaka chini. Akazima injini, lakini mwendo ulikuwa bado mkali. Unajua alisema nini?

"Febronia, kanyaga. Kanyaga upande wako."

Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, shemeji. Hakuna kilichoshika. Alute akaruka pembeni, Simeoni akapinda, tukagonga kichuguu. Bawa la kushoto likakunjika, na mimi nikavunjika mfupa wa bega.

Hospitalini Simeoni alilia. Akasema, "Elisha ndiye aliyeniambia."

Nikamjibu, "Elisha hakuwemo ndani. Tulikuwemo mimi na wewe."

Tangu hapo hatujabishana tena habari ya breki.

Kumbe wewe hujatosheka. Juzi umempigia tena ukimtaka ang'oe kiti changu, iwe ndege ya mtu mmoja. Hukuuliza mfupa wangu umeungaje. Hukuuliza kama Alute alipona. Ulichoona wewe ni kiti.

Kiti hakiondoki. Bawa nimeanza kulishona upya kwa mkono mmoja, wifi yangu Dorika ananivutia uzi. Jana Jumamosi Simeoni alifunga mipira upande wangu, tukajaza mafuta kwenye kikopo changu, tukatoa upepo kwenye mipira mpaka pedali zikawa ngumu. Simeoni akashuka, nikabaki peke yangu ndani, nikakanyaga. Wakasukuma, yeye na Alute na jamaa wengine wawili, miguu yao ikiteleza kwenye vumbi. Magurudumu hayakuzunguka.

Simeoni akaja dirishani kwangu akihema. "Inashika," akasema.

Ukiwa na neno jingine kuhusu kiti changu, piga namba yangu, si ya mdogo wako.

Mama anakusalimu sana, na Dorika pia. Msalimie Klara na watoto. Mungu akulinde kazini, na akupe sikio la kusikiliza.

Wako akupendaye, hata nikiwa na hasira,
Shemeji yako Febronia