Vidonge vya Wifi Nilivyovitupa Mimi

Jumatano, Chemchem, Tabora. Jua la leo halina adabu, na vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Lakini kinachoniunguza mimi leo si jua.

Ni aibu.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la nne, atakayecheka herufi zangu acheke kimya kimya.

Nimerudi asubuhi na treni ya Mwanza. Nilikwenda huko kupimwa hiki kiungulia kinachonichoma kifua miaka yote hii. Wakanishushia kooni mpira wenye kamera. Halafu wakanipitishia puani kamrija kembamba, nikashinda nako na kulala nako kama ng'ombe aliyetiwa kamba, ili waone asidi ya tumboni inapanda mara ngapi.

Haipandi.

Daktari, binti wa rika la wajukuu zangu, akanieleza taratibu. Njia yangu ya chakula ni safi, haina kidonda. Moto ninaousikia ni wa kweli, sijautunga, ila hautokani na asidi. Mishipa ya fahamu ya huko ndani imekuwa nyepesi kupita kiasi, kitu kidogo tu inapiga kelele. Ndiyo maana vidonge vya asidi havikunisaidia hata siku moja. Kanipa dawa nyingine ya kuituliza.

Ningefurahi. Mtu akiambiwa hana kidonda hufurahi. Mimi nikamkumbuka wifi Zena, jasho likanitoka.

Zena ni mdogo wa marehemu mume wangu, anakaa Cheyo. Naye kifua kinamwaka. Tukikutana tunataniana kwamba ni maneno makali ya kaka yake tuliyoyameza wote wawili, ndiyo yanatuchoma hadi leo. Basi mimi mjuaji nikaamua ugonjwa wetu ni mmoja.

Yeye alikuwa na vidonge vya asidi alivyoandikiwa hospitali. Baada ya Idi nilikwenda kwake, nikavikuta juu ya kabati, nikavitupa chooni kwa mkono wangu huu. Nikamwambia mbele ya watoto wake, "Takataka hizi! Mimi nimemeza mpaka nimechoka, kitu hakuna. Kunywa asali na maji ya moto, acha kudeka."

Kudeka! Mtu alikuwa ameniambia, tena si mara moja, kwamba akiinama kufagia maji machungu yanamjia mpaka kooni. Akilala chali yanamwamsha. Mimi maji hayo sijawahi kuyaonja, na wala sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa namsubiri amalize ili nianze kuhadithia ya kwangu.

Kumbe hiyo ndiyo asidi yenyewe inayopanda. Nilipomweleza daktari habari za Zena aliweka kalamu chini. Halafu akasema mtu wa namna hiyo akikosa dawa, njia ya chakula inaweza kuchubuka mpaka ifanye kidonda, na chakula kikianza kumkwama asicheleweshwe.

Kutoka stesheni sikufika kwangu. Nilichukua bajaji na mzigo wangu mpaka Cheyo. Nimemkuta amekonda, ameshika bakuli la uji. Ugali, anasema, unamkwama kifuani. Akaniamkia shikamoo kwa heshima ile ile.

Bora angenitukana.

Nimemwambia yote. Sijawahi kumwomba msamaha mtu mdogo kwangu, sikujua hata maneno yanaanzia wapi. Nikasema tu, "Zena, nilikosea. Vile vidonge vilikuwa dawa yako."

Akacheka kidogo. "Najua, wifi. Vilikuwa vinanisaidia."

"Sasa mbona hukusema, we mwanamke?"

Mnaona? Hata hapo nikafoka.

"Ulivyoingia na sauti ile," akasema, "nani angekubishia?"

Watu huniita jasiri kwa sababu nasema kila kinachonijia. Leo nimemwona mtu aliyeumia kwa kuniogopa, na huyo mtu ananipenda.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali. Mwanawe alitaka ampeleke yeye, nimekataa. Nitakaa naye mbele ya daktari, na akiulizwa anaumwa nini, atajibu mwenyewe mpaka amalize.

Je, mdomo huu utaweza kunyamaza?