Mkwe Alifumba Macho

Mwenzangu, upo? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Yule mkwe wangu, fundi bomba, si alinishauri niwekewe bomba la mvua na kiti cha kukalia? Mimi nikang'ang'ania sinki la kuogea, lile la kulala ndani ukajinyoosha, eti sijazeeka hivyo!

Leo nimemaliza kuoga, nataka kuinuka, magoti yakagoma. Nikajaribu kujivuta, sabuni ikaniponyoka, ikaangukia katikati ya sakafu. Maji yakapoa, nikayaachia yakaisha, bado nimo. Nikapiga kelele weee, saa nzima.

Binti yangu yuko kazini. Aliyesikia ni nani? Mkwe!

Nikamwambia usiingie. Akasema, "Nimefumba macho, mama." Na mimi niko kama nilivyozaliwa! Akanishika makwapani, akaninyanyua kama mtoto, huku anarudia, "Nimefumba macho, mama, nimefumba macho." Akanifunika taulo.

Sasa hivi anapima ukuta. Bomba la mvua, kiti, na vyuma vya kushikilia. Kujiogea kwa raha zangu ndiyo basi tena.

Lakini ile sabuni sakafuni, mwenzangu. Wakati anakuja, aliiruka.