Lori la Kijiji na Sikio Langu

Mjukuu wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, ila magoti yanamsumbua na fimbo haitaki. Umeniuliza tulijuaje injini inagonga, sisi tusiokuwa na kompyuta zenu. Kwa masikio, na Tabora nzima hapakuwa na masikio kama yangu.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na lori moja la petroli, la kubebea tumbaku. Petroli ilikuwa ya shida, tukaichanganya na mafuta ya taa. Mchanganyiko ule unataka cheche za plagi zichelewe kidogo. Mimi nikaziwahisha, lori lipande mlima kwa nguvu, watu waseme fundi ni huyu.

Dereva wetu, Saidi, akanijia siku ileile. "Fundi, inagonga kama bisi kikaangoni. Rudisha taimingi nyuma, cheche zichelewe."

"Wewe shika usukani," nikamwambia. "Injini niachie mwenyewe."

Nami nilikuwa nimeisikia.

Siku ya tatu kugonga kule kukaitoboa pistoni, lori likakwama njia ya Ipole, mvua ikailowesha tumbaku ya kijiji kizima. Mkutanoni wakaniuliza kosa la nani. Nikasema dereva kalikimbiza mno. Wakaniamini. Saidi akaweka funguo mezani, akahamia Urambo kulima vibarua mpaka alipokufa.

Nilikwenda kwenye arobaini yake. Mjane akaniuliza, "Fundi, ni kweli marehemu ndiye aliyeliua lile lori?"

Nilikuwa nakula pilau yake. Nikasema, "Yameshapita hayo, mama."

Hata bibi yako hajui. Usimwambie mpaka mmenizika.

Babu yako.