Mguu wa Mti wa Baba Yako

Kwa mkono wa Mwalimu Gunga,
Garsen,
9 Juni 1957.

Mpendwa mwanangu Abdulsalam,

Pokea salamu za shangazi yako. U hali gani, na kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Kampala bado inakusumbua? Sisi tuzima, ila mto umetupandia mpaka uani na mbu hawatupi usingizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe lile neno la Waingereza, kaliba, wanalopimia tundu la bunduki, wasomi wanasema walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake huenda ni kalibu ya Waarabu, hii hii yetu. Nao Waarabu wakalipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa mguu wa mti wa mshona viatu! Nilicheka peke yangu. Marehemu babu yako Fumo alishona makubadhi maisha yake yote juu ya miguu ya mti, kila mteja na kalibu yake, wala hakujua neno lake limetembea hivyo.

Sasa unaniomba kalibu ya baba yako. Mwanangu, sina. Niliichoma.

Siku ya arobaini ya babu yako, kuni zote zililowa kwa mafuriko na wageni wa hitima wamejaa. Nikateremsha kile kikapu chake cha kalibu darini. Hasina akaniambia, "Mama, hii si miguu ya babu?" Nikamkemea, "Babu amekwenda. Wali utaivaje?" Ikawaka vizuri sana. Barua yako ilikuwa imekwama Minjila kwa maji, ikafika wiki ya pili yake.

Baba yako, ndugu yangu Zubeir, alichukuliwa na mto, hatukumpata tukamzika. Kipimo cha mwili wake kilichobaki kilikuwa mguu ule, nami nimeupikia wali. Najuta, mwanangu. Hasina alinionya nikamkemea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ila nilipokuwa nikikuogesha ukiwa mdogo, babu yako alikuwa akisema una mguu wa baba yako hasa, kidole cha pili kimekipita kidole gumba. Basi kanyaga karatasi, ujichore kwa kalamu, unitumie. Mangi seremala yuko tayari kuchonga kalibu nyingine.

Hasina, Mzee Galma na Nana wanakusalimu sana. Mungu akuhifadhi, akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Mwanaarusi binti Fumo

Karatasi usiikunje. Nataka ifike kama alivyosimama baba yako.