Makala Amekuwa Mweupe

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita hapa Likasi. Jua la Oktoba limechoma tangu asubuhi, mawingu yakipita tu na kutudanganya. Mikono yangu inanuka farasi, na ninacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Papa amerudi nyumbani!

Tulikuwa tunamngojea Jumatatu. Mama alishapanga kila kitu: kuku, nguo, hata wimbo wa kumpokea. Leo mlango wa ua ukafunguka, akaingia Papa mwenyewe na mfuko mmoja wa plastiki, baada ya miaka yote ile ya kufungwa katika gereza la Buluo kwa ajili ya mzigo wa shaba ambao yeye aliusafirisha tu, hakujua ni wa nani. Mama alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Mimi nililia, nikacheka, nikalia tena.

Halafu akamwona farasi.

Ni lazima nieleze. Zamani Papa alikuwa dereva wa shamba moja upande wa Kakontwe. Mwenye shamba alipohama alimwachia mtoto wa farasi, mweusi tii, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Papa akamwita Makala, yaani makaa. Alimnywesha maziwa kwa chupa, akampenda kuliko lile lori lake. Siku aliyochukuliwa, neno la mwisho aliloniachia mimi binti yake lilikuwa hilo: chunga Makala.

Nimemchunga. Lakini Makala hakubaki mweusi. Kila alipopukutisha nywele za zamani, mpya zilitoka na weupe ndani yake. Ulianza usoni, yakafuata madoa ya kijivu ubavuni, makubwa kama sahani, na leo mwili wote ni mweupe kama unga. Mwanzoni niliogopa. Daktari wa mifugo ndiye aliyenituliza: kuna farasi waliozaliwa hivyo, rangi ya nywele inawaishia wakiwa bado vijana wenye nguvu, wala si ugonjwa. Ngozi chini ya nywele inabaki nyeusi mpaka kufa.

Haya yote nilimwambia Papa kila nilipomtembelea. Makala anabadilika, Papa. Safari hii amezidi kuwa mweupe. Alikuwa anaitika kwa kichwa tu, macho chini. Nilidhani ni uchovu.

Leo alisimama mbele ya farasi, uso umemkunjamana.

"Huyu njo nani?"

"Njo Makala, Papa."

"Mutoto wangu, usinidanganye. Makala alikufa. Ao mulimuuzisha, mukaleta huyu juu nisilie."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hakuna anayetangaza kifo moja kwa moja, sembuse kwa mtu aliyefungwa. Unaanzia mbali. Fulani anaumwa kidogo. Fulani amebadilika. Unaacha siku zipite, unaongeza kidogo, mpaka mwenyewe ajijibu. Papa alinisikiliza kwa sikio hilo! Mimi nilikuwa nampelekea habari za rangi, yeye anapokea habari za msiba. Wenzake kule ndani, alitusimulia baadaye, walikaa naye kilio, wakamwimbia nyimbo za kumfariji, kwa ajili ya farasi aliyekuwa hapa mtaani kwetu Panda anatafuna maganda ya ndizi.

Ningecheka, lakini macho yake yalinizuia. Baba yangu mwenyewe alikuwa ananiona muongo. Iliniuma, sitaficha, iliniuma sana.

"Makala alikuwa na nyota," akasema. "Iko wapi?"

Nyota ilishamezwa. Nyeupe juu ya nyeupe, nani ataiona? Lakini mimi ninayemwogesha najua. Nilichukua ndoo, nikammwagia Makala maji kichwani polepole. Nywele zikalala, ngozi nyeusi ikatokeza, na katikati ya paji pakabaki kipande cha rangi ya waridi, umbo lile lile la nyota. Pale alipozaliwa na alama, ngozi haikuwa nyeusi hata siku moja.

Papa aliigusa kwa kidole gumba. "Makala we," akasema. Farasi aliendelea kulamba maji puani, hana habari.

Mama akashindwa kunyamaza. "Na weye je? Ulitoka hapa na nywele nyeusi, umerudia na kichwa ya pamba. Shiye tulikuuliza alama?"

Tulicheka mpaka Papa akakaa chini. Ila yeye aliacha kucheka kabla yetu. Alitazama mlango wa nyumba, kisha mlango wa jiko, kama alivyokuwa akifanya tangu aingie.

"Basi na mama yangu?" akauliza taratibu. "Kila siku munaniambiaka magoti inamuuma, hawezi kuya kuniona. Yeye pia... iko?"

Jamani! Kumbe amekuwa akimlilia Kambo, bibi yangu, kimya kimya, asithubutu kuuliza, hata leo anaingia nyumbani kwake anaogopa kuuliza. Na magoti yanamuuma kweli! Ni magoti tu! Yuko kanisani tangu asubuhi, anaomba Jumatatu ifike upesi.

Sikumaliza kueleza. Papa alishatoka nje, miguu mitupu, shati limelowa maji ya farasi, mtu mzima anakimbia barabarani huku majirani wakimshangilia bila kujua kisa. Nilipofika kanisani maombi yalikuwa yamesimama. Kambo alikuwa amemshika masikio yote mawili, anamgeuza kichwa huku na huku, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Umekonda," alikuwa akimgombeza. "Na viatu biko wapi?"

Sasa wamelala wote, mpaka Mama. Nimejiapiza jambo moja: kuanzia leo, mtu akiwa mzima nitasema mzima, tena kwa sauti.